Mwewe atimiza miaka hamsini, atalii majengo aliyoyanyanyua kwa kreni

Jua halijachomoza vizuri, na mwanamke mmoja tayari yuko katikati ya ngazi. Kofia ngumu ya njano iko kichwani, mkanda wa usalama kiunoni, chupa ya maji imechomekwa mfukoni. Anapanda bila haraka, viatu vyake vizito vikigonga chuma: ko, ko, ko. Kila akifika kwenye kituo cha kupumzikia, anavuta pumzi mbili tatu, kisha anaendelea.

Hatazami chini. Si kwamba anaogopa. "Chini nakujua," anasema. "Nimetoka huko sasa hivi."

Baada ya dakika kumi na mbili anaingia kwenye kibanda cha vioo kisichozidi choo kwa ukubwa, kilichosimama mita sitini na mbili juu ya ardhi. Anafuta kioo kwa kitambaa, anakalia mto alioshonewa na mumewe, anashika vishikio viwili, kimoja kila mkono. Redio inakoroma.

"Mwewe, umefika?"

"Nimefika. Leteni kazi."

Mwewe ndilo jina alilobandikwa na wajenzi wenzake, na limemganda hivyo hivyo. Ni mwendesha kreni, zile winchi ndefu za manjano zinazosimama juu ya majengo yanayojengwa kama twiga aliyesahau njia. Kwa miaka kumi na saba amenyanyua nondo, mbao, matofali na ndoo za zege, na kuvishusha mahali mtu aliye chini anapoonyesha kwa kidole. Huko juu hakuna choo, kwa hiyo asubuhi hanywi chai, na maji anayanywa kwa kuonja tu. Upepo ukizidi kipimo, kazi inasimama. Jua likiwa kali, kibanda kinageuka tanuri.

Katika miaka hiyo amenyanyua majengo kumi na moja. Lakini hadi wiki mbili zilizopita, alikuwa hajawahi kuingia ndani ya hata moja likiwa limekamilika.

"Sisi tunaondoka kabla milango haijawekwa," anaeleza. "Ukuta ukisimama, kreni inafunguliwa, inapelekwa kwingine, na mimi naifuata. Baadaye napita barabarani, naona pazia dirishani, najisemea, haya, wameshaingia."

Hakuanza kazi akiwa juu. Alianza na birika. Alikuwa akiuza chai kwa wajenzi, na kwa vile hakuwa mtu wa kukaa kimya, akaanza kuwaelekeza wanaofunga mizigo. "Huo mnyororo umekaa upande," angesema huku akimimina chai, na kweli ukikaguliwa unakutwa umekaa upande. Msimamizi akamwajiri kama mtoa ishara, yule anayesimama chini na kumwongoza mwendesha kreni kwa mikono. Miaka mitatu baadaye mwendesha kreni mzee aliyekuwa akikaribia kustaafu akamwita pembeni.

"Wewe unauona mzigo kabla mimi sijauona," alimwambia. "Unafanya nini huku chini? Panda nikufundishe."

Akapanda. Siku ile ya kwanza aliing'ang'ania ngazi hadi akacheka mwenyewe.

Aliyekuwa hacheki ni mama yake.

Baba yake Mwewe alikuwa fundi rangi. Siku moja alianguka kutoka kwenye jukwaa, akavunjika nyonga, akachechemea hadi mwisho wa maisha yake. Kwa hiyo mama mtu aliposikia kwamba binti yake naye amepanda juu, alimaliza siku mbili bila kumsemesha. Alipoanza tena kusema, alikuwa ameshatunga hadithi yake. Majirani wakimuuliza, aliwaambia mwanawe ni karani. Wakimuuliza ofisi iko wapi, alijibu, "Iko juu sana," na kubadilisha mazungumzo.

"Hakudanganya moja kwa moja," anasema Mwewe na kuangua kicheko. "Lakini kreni hakuitaja. Na mahali pa kazi yangu hakukanyaga. Hata njia tukipita karibu, alikuwa anaangalia upande mwingine."

Basi ikafika Jumamosi ile aliyotimiza miaka hamsini.

Alikuwa amejipangia kulala hadi jua lipande. Badala yake binti yake, anayesomea uhazili chuoni, alimfungulia mapazia saa moja asubuhi. "Mama, amka. Leo unatalii."

"Natalii wapi tena? Mji huu nauona kila siku."

"Unauona utosi wake tu," alijibu binti. "Leo utauona uso."

Nje kulikuwa na teksi inasubiri. Mumewe, fundi cherehani mpole ambaye huongea kama anayelipia kila neno, alikuwa ameketi mbele, amevaa suti. Nyuma alikaa mama yake Mwewe, mwenye miaka sabini na nne, amekumbatia boksi la keki mapajani. Binti hakumwambia bibi yake wanakoelekea. Alimwambia tu kwamba kutakuwa na matembezi na picha.

Kituo cha kwanza kilikuwa wodi ya wazazi ya hospitali, jengo la ghorofa nne lenye rangi ya maziwa. Muuguzi wa mlangoni aliwauliza wamekuja kumwona nani.

"Hatujaja kumwona mtu," binti alijibu. "Tumekuja kuliona jengo."

Muuguzi aliwatazama mmoja mmoja, akaitazama na keki. Binti akamweleza. Muuguzi akafungua mlango, akasema, "Kama ndivyo, karibuni. Lakini msipige kelele, watoto wamelala."

Ndani, Mwewe alisimama kwenye ngazi na kuushika ukingo wake. Alizikumbuka. Ngazi zile zilikuja nzima nzima zikiwa zimeshaundwa kiwandani, kila moja tani nne, na hii ya ghorofa ya pili ilimsumbua tangu asubuhi hadi jioni kwa sababu ya upepo. Mara ikafika hapo huku imekaa upande, mara ikabidi kuinyanyua tena.

Wakati akieleza hayo, mwanamke mmoja alianza kushuka kutoka juu akiwa na kichanga mkononi. Alishuka polepole, kidato kwa kidato, mama mkwe wake akimfuata nyuma na mabegi. Wote wakabana ukutani kumpisha.

"Hongera," mama yake Mwewe alimwambia.

"Ahsante, bibi."

Mwewe alimfuata mwanamke yule kwa macho hadi alipotoka mlangoni. "Mimi nilijua uzito wake tu," akasema, bado ameishika ile ngazi. "Watu watakaoipita sikuwafikiria."

Bibi alimtazama bintiye, kisha akaitazama ngazi. Hapo ndipo alipoelewa matembezi haya ni ya namna gani. Hakugomba. Alilisogeza boksi la keki kifuani, akatangulia kwenda garini.

Kituo cha pili, jengo kubwa la maduka, ndicho kilichowaachia vicheko vya wiki nzima. Kumbe huyu anayepanda mita sitini na mbili kila asubuhi anaogopa ngazi za umeme. Alifika mbele yake, akanyanyua mguu, akaurudisha. Akanyanyua wa pili, akaurudisha nao. Nyuma yake foleni ikaanza kujikusanya.

"Panda, mama!" binti alimhimiza.

"Ngoja kwanza. Ngazi yangu mimi hainikimbii."

Ikabidi mama yake, yule yule asiyetaka kusikia habari za juu, amshike mkono kama alivyomshika akimpeleka shule. "Moja, mbili, kanyaga!" Wakapanda wameng'ang'aniana, watu wazima wawili, keki ikiyumba. Mume alikuwa nyuma, akajishikilia tumbo kwa kucheka. "Nimeoa mtu wa juu," alisema, na kwa kipimo chake hiyo ilikuwa hotuba.

Lakini cha tatu kilikuwa kigumu. Ni jengo refu kuliko yote aliyowahi kuyafanyia kazi, ghorofa ishirini na nne, na juu kabisa kuna ukumbi wa vioo ambao wageni huruhusiwa kupanda kuutazama mji. Bibi alipoinua macho na kuona linakoishia, aliketi kwenye benchi la mapokezi.

"Nendeni," alisema. "Mimi nitalinda keki."

Binti alimbembeleza. Lifti ni salama, bibi. Ni dakika moja tu, bibi. Utafumba macho, bibi. Bibi akatikisa kichwa. "Niliambiwa hivyo hivyo kuhusu lile jukwaa la babu yako."

Mwewe akachuchumaa mbele yake, magoti kwa magoti.

"Mama, sikulazimishi. Lakini miaka kumi na saba nakwenda kazini na wewe hujui nakwenda wapi. Leo ni siku yangu. Zawadi ninayoitaka ni hiyo tu."

Mama aliinuka kwenye benchi. Kisha akamnyooshea mkwewe boksi. "Mkwe, shika. Ukiiangusha hii, nami nitakuangusha wewe."

Alipanda amefumba macho, kucha zake zikizama kwenye mkono wa bintiye. Milango ilipofunguka, alifumbua jicho moja, halafu la pili. Mji wote ulikuwa miguuni pake: barabara kama kamba, magari kama punje, mto ukimetameta mbali.

"Sasa wewe ulikuwa unakaa ghorofa gani?" aliuliza.

Mwewe akanyoosha kidole, si sakafuni wala darini, bali nje ya kioo, mahali palipokuwa na hewa tupu. "Pale."

"Pale wapi? Pale hakuna kitu."

"Sasa hakuna. Kreni ikimaliza inaondolewa. Lakini nilikaa pale, mama. Miaka miwili na miezi minne."

Bibi akasogea taratibu hadi kwenye kioo, akaweka kiganja chake. Alipatazama pale hewani kana kwamba akipakazia macho, kiti kitaonekana.

"Na peke yako?"

"Nina redio. Halafu nilikuwa nakuona. Siku isiyo na ukungu, paa letu linaonekana, lile bati jipya linang'aa. Nikiona umeshaanika nguo, najua mama ameamka mzima. Ndipo naanza kazi."

Bibi akageuka, macho yamejaa machozi na mdomo unacheka. "Kumbe ulikuwa unanichungulia! Na mimi najidai nimejificha!" Akampiga kofi la bega, akamvuta, akamkumbatia mbele za watu, na hakuwa na haraka ya kumwachia.

Kuanzia hapo hakushikika. Alimshika mkono mgeni mmoja aliyekuwa akipiga picha. "Unamwona huyu? Ni binti yangu. Jengo hili ndiye aliyelinyanyua." Akamfuata mlinzi, naye akamweleza. Akaeleza kwenye lifti wakati wa kushuka, safari hii macho wazi. Walipokwenda bustanini kukata keki, ambayo maandishi yake yalikuwa yameshafutika yakabaki maneno "hongera ma", alikuwa ameshamkabidhi bintiye nusu ya mji, pamoja na mnara wa saa uliojengwa kabla bibi mwenyewe hajazaliwa.

"Mama, ule si wangu," Mwewe alimnong'oneza.

"Nyamaza. Leo umekuwa wako."

Mwewe anasema hajawahi kula keki tamu kama ile, ingawa ilikuwa imepondeka upande mmoja na mumewe anaapa kwamba si yeye.

Sasa ana mpango mwingine. Kampuni yake inatafuta wakufunzi wa kuwafundisha waendesha kreni wapya, na safari hii wanawake vijana watano wameomba nafasi. Ili awe mkufunzi, lazima afanye mtihani wa kuandika, na yeye aliachia shule darasa la saba. Kwa hiyo kila jioni, vyombo vikishaoshwa, yeye na binti yake wanakaa mezani na kitabu cha mafunzo. Mwanafunzi wa uhazili anauliza maswali, mama anajibu kwa kuandika. Akikosea, anaandika upya. Mtihani ni baada ya wiki tatu.

"Mizigo naijua, upepo naujua," anasema huku akifunga mkanda wake tayari kwa ngazi. "Kinachonitesa ni kalamu. Lakini wale mabinti watano nataka niwafundishe mimi. Nikifaulu, nitashuka niwapokee. Nikishindwa, nitapanda nifanye kazi, halafu nijaribu tena."

Redio ya mkononi inakoroma, msimamizi anauliza kama yuko tayari. Mwewe anaweka mkono kwenye chuma na kuanza kupanda.