Gambuti Yangu na Mpira wa Mwalimu

Mwaka mzima nilikuwa nazika mpira wa mwanaume mmoja kila Ijumaa.

Msinihukumu bado.

Boma langu limepakana na kiwanja cha gofu hapa Kakamega. Kazi yangu ni kupiga reki banka, lile bonde la mchanga wanaloweka makusudi ili mpira ukiingia, mtu ateseke.

Mume wangu Osiako alikufa, watoto wakahamia Nairobi. Nikabaki na kuku na redio. Ilifika mahali redio ikisema habari za asubuhi, mimi najibu, "Nzuri, karibu."

Sasa kulikuwa na Mwalimu Protus, mstaafu, aliyefiwa na mke. Alichezanga peke yake, na mpira wake haukosi kuangukia banka yangu. Siku ya kwanza alipiga mara tisa. Mchanga ukamjaa masikio.

"Mwalimu, unachimba choo?"

Akacheka mpaka akakaa chini. Tukaongea. Siku hiyo redio sikuifungua.

Ijumaa iliyofuata niliuona mpira wake umetua juu juu. Nikajua huu atautoa mara moja aende. Kabla hajafika, nikaukanyaga na gambuti, kiatu changu cha mvua, ukabaki upara tu.

Ikawa desturi.

Halafu siku moja akaja amenuna.

"Mama Ayuma, kesho ni mashindano. Nikikwama tena kwa mchanga, naacha gofu. Nahamia kwa kijana wangu Eldoret."

Nisipomfundisha, anaenda. Nikimfundisha, hatakuwa na sababu ya kusimama hapa.

Mimi ni wa Malinya, kwenye machimbo. Niliacha darasa la sita nikaenda kuosha mchanga wa dhahabu. Mchanga naujua.

"Acha kuupiga mpira," nikamwambia. "Laza fimbo, uso wake uangalie mawingu. Piga mchanga, vidole viwili nyuma ya mpira. Mchanga ndio utaubeba."

Akapiga. Pfff! Mpira ukaruka, ukatua karibu na bendera.

Hata hakufurahi.

Kwa mashindano alitoka banka kwa pigo moja. Ijumaa iliyofuata pia, pigo moja, mkono juu, "Mama Ayuma!" Huyo, ameenda. Na ile nyingine, hivyo hivyo.

Nikafungua redio.

Ijumaa ya tatu nilikuwa nyuma ya migomba. Mpira wa Mwalimu ukatua kwa nyasi, safi kabisa. Akaangalia kushoto. Akaangalia kulia. Akauokota, akautupa kwenye banka, akaukanyaga na kiatu chake!

"Wewe mzee!" nikatoka na reki. "Unaiba mbele ya macho yangu?"

"Na wewe? Gambuti yako ya kushoto iko na kiraka. Mwaka mzima naona alama yake. Mtu wa reki anasahau kufuta nyayo zake?"

Nikaificha gambuti nyuma ya reki.

"Ulijua, na ukanyamaza?"

"Nani alikuwa ananingoja kwangu?"

"Na ile Eldoret?"

"Nilitaka uniambie nisiende. Wewe ukanifundisha kutoka!"

Tulicheka, kila mtu akiangalia mchanga.

Wazee wenzangu, ukitaka mtu wa kuongea naye, mwite chai. Mwambie kwa mdomo. Tulipoteza mwaka tukitesana na mchanga, na birika langu liko hatua thelathini kutoka banka.

Siku hizi anakujanga kunywa chai moja kwa moja.

Lakini mpira wake bado naukanyaga. Kidogo tu, asije akazoea kutoka.