Shangazi Alipoacha Kufukuza Ndege

Tulikuwa wanne kwenye dungu la kulindia mpunga, bondeni nje ya Ifakara: bibi mzaa baba, mama yangu, shangazi ambaye ni mdogo wake baba, na mimi binti mdogo. Majina nayakumbuka yote, nayaacha tu. Mafuriko yalikuwa yamebomoa nyumba ya shangazi, na kabla matope hayajakauka, mumewe akafa kwa homa. Shangazi hakulia sana. Alirudi kulinda ndege, yeye ambaye sauti yake ilifika hadi mtoni.

Siku hiyo ndege wakashuka, naye akawatazama tu, kamba ya makopo mkononi. Nikapiga kelele, nikakimbia huku na huko.

Mama akafoka, “Wifi, umekuja kulinda au kuwakaribisha?”

“Waache wale,” shangazi akajibu.

Bibi akamgeukia mama. “Huyu anaumwa. Tangu maji yale halali usingizi. Nani kamuuliza?” Akamshika shangazi mkono, wakashuka pamoja kwenda kuketi chini ya dungu, mpunga ukiliwa.

Ile sauti ya shangazi ya kufukuza ndege niliisikia tena msimu uliofuata, nadhani mpunga ulikuwa umeanza kukomaa. Kama ni baadaye, enyi wajukuu zake aliowasimulia, nisahihisheni.