Programu ya kuchorea ngozi za avatar ilivyomtangazia Bibi yangu msiba usiokuwepo

Wakuu, habari za muda huu.

Ninaandika nikiwa na hasira, kwa hiyo nimejiwekea masharti kabla ya kuanza: sitaongeza chumvi, na sitataja jina la chuo wala la programu iliyohusika. Haya niliyaona kwa macho yangu mjini Same, katika ukumbi uliojaa watu wa kwetu.

Watani zangu, ninawajua. Mtakuja na ile ya Mpare kuuza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku. Karibuni, ila someni kwanza.

Mimi ni mwanafunzi wa uzamili. Utafiti wangu unahusu ndiva, yale mabwawa madogo yanayokusanya maji ya mifereji huko milimani, na namna wazee walivyogawana maji hayo. Badala ya kuandika tasnifu itakayolala kabatini, mimi na mwenzangu, nitakayemwita Gilbert, tuliamua kujenga kijiji cha mtandaoni. Unaingia na avatar yako, yaani umbo la kuchorwa linalokuwakilisha, unapita kwenye matuta, unafika kwenye ndiva, na hapo unawakuta wazee wenyewe wakikusimulia kwa sauti zao.

Gilbert ni mtu wa kompyuta. Mimi ni mtu wa masimulizi niliyejifunza kuchora kwa kulazimika.

Mzee wa kwanza kukubali kuwekwa humo alikuwa Bibi Nakundwa, mama mzazi wa mama yangu. Anaishi juu, Upare Kusini, na mwanawe wa pekee wa kiume, Mjomba Eliamani. Nilipomweleza kwamba watu wa mbali watamwona na kumsikia, alicheka mpaka akashika mbavu.

"Yaani mimi niwe huku nakoroga makande, na huko kwenye mashine niwe nasimulia?"

"Ndiyo, Bibi."

"Na sitachoka?"

"Hutachoka."

"Basi niweke. Ila uniweke kama nilivyo. Usinipambe, usinipunguze."

Wakuu, shikeni hayo maneno. Hayo ndiyo yalikuwa makubaliano yetu. Karatasi ya ridhaa ya chuo aliiweka dole gumba baadaye, kwa sababu tu niliiomba.

Sasa suala la programu, ambalo najua limewaleta wengi wenu humu.

Ngozi ya avatar ni picha bapa. Fikiria ngozi ya mbuzi iliyowambwa juani: ndivyo uso wa mtu unavyokunjuliwa, unachorwa, kisha unavalishwa tena kwenye umbo. Ukikosea kidogo kwenye picha bapa, mdomo unahamia kidevuni.

Nililinganisha programu kwa muda mrefu kuliko ilivyostahili. Ndivyo nilivyo, hata nikinunua sabuni husoma maandishi ya nyuma. GIMP ni ya bure na haikuielemea laptop yangu, lakini nilikuwa nachora kwenye picha bapa bila kuona usoni inatokeaje. Krita ina brashi nzuri sana kwa mikunjo ya ngozi. Blender inakuruhusu uchore moja kwa moja juu ya umbo lenyewe, ukiligeuza upande huu na ule, ingawa feni ya laptop yangu ilikuwa inalia kama mashine ya kusaga. Mwishowe nikaamua: alama zote za uso naziweka kwa Blender, kisha mikunjo na rangi namalizia kwa Krita.

Gilbert alitaka programu nyingine ya mtandaoni. Hoja yake ilikuwa kasi: unachora nusu ya uso, nusu ya pili inajinakili yenyewe kama kwenye kioo. Faili linakuwa dogo, kijiji kinafunguka haraka hata kwenye simu.

Nilikataa, na sababu nilimpa kwa maandishi na kwa mdomo. Bibi ana chale moja shavuni. Shavu la kushoto. Moja.

Hapa naomba utulivu, kwa sababu ndipo uzi wote ulipo.

Sisemi kwa Wapare wote. Nasema kwa ukoo wa mama yangu, na ninyi wa koo nyingine msije kunibishia ya kwangu. Kwetu zamani, mtoto aliyezaliwa baada ya wenzake kufa alichanjwa chale moja shavu la kushoto, ili kifo kikimwona kidhani huyu keshaharibika, kimwache. Bibi alitanguliwa na ndugu waliokufa wachanga. Yeye akachanjwa. Yeye akabaki.

Mwanamke mwenye chale hiyo akija kumzika mtoto wake mwenyewe, alichanjwa nyingine shavu la kulia. Basi mwenye mbili hakuhitaji kuulizwa. Ukimwona unajua, unashusha sauti.

Haya yote nilimweleza Gilbert. Akaitikia, "Nimekupata, dada, left only." Nilimkabidhi ngozi ya Bibi ikiwa imekamilika, chale ikiwa mahali pake, nikaondoka kwenda kufanya mahojiano upande wa Kisiwani ambako mtandao ni wa kubahatisha.

Siku ya kuonyesha kazi tulialika wazee na jamaa zao ukumbini. Bibi alishuka na Mjomba Eliamani wakiwa kwenye gari la mzigo wa tangawizi, kavaa kitenge cha kanisani. Waliketi mstari wa mbele, yeye na mwanawe bega kwa bega. Nilipita kusalimia: shikamoo Bibi, shikamoo Mjomba. Mjomba akanitania, "Marahaba. Leo bibi yako anakuwa staa, sisi tutakuwa tunamwomba miadi."

Gilbert akawasha projekta.

Kijiji kikatokea ukutani. Matuta, migomba, maji. Watu wakapiga makofi. Kisha avatar ya Bibi ikageuka kutazama watu, uso ukajaa ukuta mzima.

Chale mbili.

Moja kushoto, moja kulia, zimelingana kama zilizopimwa kwa rula.

Makofi yalikatika upande wa wazee kwanza. Vijana waliendelea kidogo, hawakujua. Mama mmoja nyuma yangu alisema kwa sauti ya chini, "Eh! Nani kafa?" Na pale ukutani ile sura ikaanza kusimulia habari za ndiva kwa sauti ya Bibi, sauti yenye furaha, ya siku ile aliyoshika mbavu akicheka.

Bibi hakupiga kelele. Natamani angepiga. Alimgeukia Mjomba.

"Eliamani, simama."

"Mama, ni picha tu."

"Simama nikuone."

Mjomba, mtu mzima mwenye wajukuu, akasimama mbele ya ukumbi. Bibi akampapasa mkono kuanzia bega hadi kiganja, taratibu, kama mtu anayekagua nguo aliyoianika mvua ikanyesha. Halafu akamshika mkono huo huo wakatoka nje. Wazee wengine wakawafuata. Hakuna aliyetuaga.

Nikamfuata Gilbert kwenye laptop.

"Umefanya nini?"

"Dada, faili lako lilikuwa zito. Nikalipitisha kwenye ile programu nyingine. Mirror, ile ya kunakili nusu, iko on kwa default, sikuigusa."

"Nilikuambia kushoto tu!"

"Sasa si alama ndogo tu? Tena hivi sura ime-balance vizuri."

Ime-balance. Wakuu, nimekaa na neno hilo siku nyingi na bado sijui niliweke wapi. Mtu ametazama uso wa mwanamke mzee, akaona kwamba tatizo lake ni kutolingana pande mbili, akamtengenezea. Hakuwa na ubaya moyoni, nakubali. Na hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Mwenye ubaya angalau angekuwa amemtazama kama mtu.

Nahariri hapa: kuna mkuu ameuliza kwa nini sikukagua kabla ya onyesho. Niliomba nitumiwe, nikajibiwa "iko poa". Nilifika Same ukumbi ukiwa umeshajaa. Swali lako ni la haki na nimejiuliza mara nyingi kuliko wewe, lakini tafadhali usilitumie kumkingia kifua aliyebadilisha kazi ya mwenzake kimyakimya.

Nilipomweleza msimamizi wangu, nilitegemea angalau ashtuke. Akasema, "Rekebisha texture, hiyo ngozi, uendelee. Ridhaa yake si imesainiwa?" Nikamwambia alichoridhia ni kuwekwa kama alivyo. Akasema mambo ya hisia niyaandike kwenye sura ya changamoto.

Sura ya changamoto!

Nikapanda milimani na laptop yangu. Njia nzima nilikuwa napanga maneno, nayafuta, nayapanga upya: nianze na pole, au nianze na maelezo ya kiufundi? Nilipofika, Bibi alikuwa anachambua maharage. Aliitikia shikamoo yangu, akasogeza ungo, akanionyesha pa kukaa. Nikakaa.

"Umekuja na kile kimashine?"

"Nimekuja nacho, Bibi. Nataka nikurekebishe mbele ya macho yako."

"Fungua."

Nikafungua Blender, na ndani yake lile faili lililotoka kwa Gilbert. Nikamwonyesha mahali pa kuzimia ule unakili wa pande mbili, nikamwonyesha kwamba umezimwa. Nikaifuta chale ya kulia. Yeye akasogea karibu, karibu kabisa na kioo.

"Hiyo iliyobaki ishushe kidogo. Hapo juu si yangu, ni ya mtu mwingine."

Nikaishusha.

"Usiinyooshe hivyo. Aliyenichanja, nilisimuliwa, mkono ulikuwa unamtetemeka, alikuwa analia. Ipinde."

Nikaipinda. Mjomba alikuwa amesimama mlangoni na jembe begani, akasema, "Na hilo pua umempunguzia, mama yetu ana pua la kutosha." Bibi akamrushia punje ya maharage. "Wewe nyamaza, umelichukua wapi la kwako?" Tukacheka sote watatu, na nikaanza kuamini kwamba mambo yamekwisha.

Tulimaliza. Nikamgeuza yule Bibi wa kwenye kioo kushoto, kulia, mbele. Bibi alimtazama kwa muda.

"Sasa huyu ni mimi," akasema.

"Asante, Bibi. Basi nimrudishe kijijini?"

"Hapana."

Nikadhani hajanielewa. Nikaanza kueleza.

"Nimekuelewa, mjukuu wangu. Yule wa ukutani hakuwa mimi, angekwenda popote, asingeniuma. Huyu ni mimi. Na mimi sitaki kwenda kwa watu wale waliobadili uso wangu bila kuniuliza."

Akarudisha ungo mapajani, akaendelea kuchambua.

Wakuu, nimemtoa. Sauti yake, sura yake, vyote nimevitoa kwenye mradi, pamoja na masimulizi ambayo nusu ya tasnifu yangu ilisimama juu yake. Wazee waliomfuata siku ile nao wameniambia wanafuata neno lake. Msimamizi anasema ninajiangusha mwenyewe. Gilbert anasema nimempotezea kazi yake. Ngozi bora kuliko zote nilizowahi kuchora iko kwenye laptop yangu na hakuna atakayeiona, na bado nina hakika kwamba nimefanya sawa. Ninayo hasira, lakini shaka sina, na kwa mtu kama mimi hilo si jambo la kawaida.

Nilichojifunza, kwa wanaotaka kuingia kwenye kazi hizi: mkiwa mnachagua programu, msianze na kasi wala ukubwa wa faili kama tunavyoshauriana humu kila siku. Ulizeni kwanza programu inafanya nini bila kuombwa. Kama inanakili pande mbili, inalainisha mikunjo au inasawazisha rangi yenyewe, tafuteni mahali pa kuizimia kabla hamjagusa brashi. Na kama hapaonekani, iacheni hata kama ni ya bure. Halafu mwenye uso aione sura yake kwanza, akiwa kwake, kabla ya ukumbi.

Nina swali moja kwenu. Wale mliowahi kuchora sura za watu halisi kwa ajili ya dunia hizi za mtandaoni: mtu akikataa baada ya kukubali, nanyi mmekwisha kuisahihisha sura yake mpaka akasema "ni mimi", faili lile mnalifanyaje? Mnalifuta, au mnalihifadhi? Bibi sikumuuliza. Kila nikiweka mkono kwenye kitufe cha kufuta, naona ni kama ninataka kufanya jambo ambalo ile chale ilichanjwa kulizuia.

Semeni nanyi. Matusi pia nitayasoma, ila yawe yangu, si ya Bibi.