Veneranda Anadai Kisanduku Chake

Mtu akija Mafinga akasema Veneranda Kalinga ni mbishi, mimi namjibu ndiyo, ni mbishi, na Mungu ashukuriwe. Angekuwa mpole, leo angekuwa Kilolo kwa kaka yake, anachambua maharage na kuonewa huruma na kila anayepita.

Mimi ni Faustina. Nina duka la madaftari na fotokopi, ukuta mmoja na karakana yake ya makabati na milango. Zamani Veneranda alikuwa akilisha magogo kwenye mashine ya kupasulia mbao. Mashine ikamla vidole vya mkono wa kulia, likabaki gumba peke yake. Kaka yake Yotamu akaja na gari la kumchukua kabisa. "Dada, twende nyumbani ukapumzike." Akamjibu, "Nimekatika vidole, sijakatika kichwa." Gari likarudi Kilolo tupu.

Akanunua kompyuta chakavu, akajifunza kuchora. Yeye anachora, mafundi wake Dastan na Vitus wanakata na kuunga. Na wateja wa siku hizi hawakupi kazi mpaka waone mchoro, hata kama ni kabati la sufuria.

Programu anayochorea ni ya bure, inatengenezwa na watu wa kujitolea huko nje. Mkono wa kushoto unashika mausi, gumba la kulia linabonyeza vitufe. Ndani ya mipangilio kulikuwa na kisanduku cha kuweka tiki. Ukiiweka, unabonyeza kitufe cha kwanza, unakiachia, halafu unabonyeza cha pili, na kompyuta inaelewa. Bila tiki hiyo ni lazima uvishikilie vyote viwili kwa pamoja. Sasa niambie, gumba moja litashikaje vitufe viwili?

Kompyuta ile ikafa. Akanunua nyingine, ikakubali toleo jipya tu la programu. Tukafungua mipangilio, tukatafuta kisanduku, wapi! Wamekiondoa. Na hapo kuna shule inasubiri michoro ya makabati ya bweni zima. Yotamu kusikia tu, akapiga simu: "Sasa si uje?" Veneranda akamkatia.

Nikamwambia wenye programu wana ukurasa mtandaoni, mtumiaji yeyote anaweza kuomba kitu. Kiingereza kidogo ninacho, kwa hiyo yeye akasema, mimi nikaandika, tukaanza na salamu ya Kihehe. "Kamwene. Mimi ni Veneranda wa Mafinga. Hamjambo huko? Watoto hawajambo? Mvua zimenyesha? Sisi huku baridi ndiyo hiyo, lakini tunashukuru."

"Haya," nikasema, "sasa shida yako."

"Ebo! Unamwagia mtu shida kabla hajaitikia salamu? Tuma hivyohivyo. Wakiitikia, tutasema."

Nikatuma. Msinicheke, na mimi nimelelewa hivyohivyo. Nani kwetu anapiga hodi na kuomba jembe papo hapo? Asubuhi tukakuta jibu: ombi limefungwa, halina maelezo. Hata "hatujambo" hakuna! Watu wazima ovyo.

"Wamenifungia mlango bado nasalimia?" Veneranda akauliza. Alirusha penseli mpaka kwa Vitus.

Tukaandika tena, safari hii na shida yenyewe. Salamu akakataa kuitoa. Akajibu mmoja wao: kisanduku kiliondolewa makusudi, mambo ya kuchagua yalikuwa yamezidi na yanawachanganya watu, na waliokuwa wakikitumia ni wachache mno. Nilipofika kwenye hao wachache, Veneranda akanisimamisha, akataka nirudie.

Mimi nikaanza kulegea. Nikamwambia labda Dastan awe anamshikia kitufe cha pili.

"Thubutu! Kila nikitaka kuchora mstari nimwite mume wa mtu?"

Akatuma ujumbe kwenye viwanda vyote vya mbao anavyovijua. Jumapili, watu walipotoka misa na ibada, wakaanza kuingia uani kwake. Nilidhani watakuja wawili watatu. Uwanja ukajaa. Mafinga tunaishi kwa misumeno, na misumeno imetutafuna. Veneranda akalaza ubao mpya wa paini juu ya meza ya kazi. "Wekeni mikono," akasema. Wakaweka. Mwingine hana kidole cha shahada, mwingine kimebaki kiganja, mama mmoja mkono wake unaishia kwenye kifundo. Gumba la Veneranda likakaa katikati. Nikapiga picha kwa simu.

Chini ya picha akaniambia niandike: "Kamwene. Hao wachache mnaowasema ndio hawa. Huu ni mji mmoja, na wengine leo hawakupata nafasi."

Nilituma huku nalia, na sioni aibu kusema.

Weee, majibu yakamiminika! Mmoja mikono inamtetemeka, mwingine kapooza upande, wa nchi ambazo sijawahi kuzisikia, na wote wanakidai kisanduku chao. Ombi likafunguliwa. Baadaye yuleyule aliyetukatalia akaandika kwamba kisanduku kimerudi, tafadhali Veneranda ajaribu aone kama kinafanya kazi.

Nikambebea kompyuta mbio. Akakunja mikono kifuani.

"Salamu wameitikia?"

"Veneranda! Shule inasubiri!"

"Nimewasalimia mpaka nimechoka. Waandikie tena: Kamwene."

Nilitamani kumzaba kibao. Lakini nikaandika, tukakaa, chai ikapoa, hakugusa kitu. Jioni jibu likaingia, limeandikwa kwa Kiswahili cha kuokoteza: "Kamwene, Veneranda. Sisi hatujambo. Watoto hawajambo. Hapa mvua hakuna. Tulichelewa kuitikia, tusamehe. Mkono wako haujambo?"

Tangu ajali ile watu walimpa pole na ushauri mpaka wakachoka. Sikumbuki hata mmoja aliyewahi kuujulia hali ule mkono. Veneranda akafuta macho kwa gumba.

"Waambie haujambo," akasema, akaivuta kompyuta.

Akaweka tiki. Gumba likabonyeza kitufe cha kwanza, likakiachia, likabonyeza cha pili, na mstari wa kabati ukanyooka kwenye kioo. Simu yake ikaanza kuita. Yotamu.

"Pokea wewe," akaniambia bila kuinua kichwa. "Mwambie niko kazini."