Siku Ngoma Iliponyamaza

Enzi zetu, ninyi wenzangu mliokula ugali wa udaga na samaki furu wa kukausha mkaenda shule pekupeku, mtu hakuwaga anaamka tu na kujiita mbunifu wa ngoma. Ngoma ilikuwa na wenyewe. Ndiyo maana nikiwaona vijana wa leo wakijigaragaza sakafuni na kuiita dansi ya kisasa, jicho moja linawatazama wao, la pili linatafuta walikoitoa. Siwaamini hata kidogo.

Nakumbuka kijiji chetu cha ujamaa, si mbali na Butiama. Walituchanganya pale Wazanaki, Wajita na Wakurya, tukalima shamba moja la pamba, lakini jioni kila mtu anamchungulia jirani. Nani kaficha ng'ombe kwa shemeji yake Bunda, wasije wakaingizwa zizi la kijiji? Nani anapeleka maneno kwa mwenyekiti? Ndipo akarudi shangazi yangu Nyangeta, mdogo wake baba, kutoka Dar es Salaam alikokuwa akicheza kwenye kikundi cha ngoma cha serikali. Alishuka kwenye basi amevaa suruali. Mungu wangu!

Kibaya zaidi, alipita nyumba hadi nyumba akiwaomba kina mama wamwonyeshe hatua za kwao: Mkurya anavyoruka, Mjita anavyozungusha mabega, Mzanaki anavyokanyaga. "Nataka niziunge ziwe ngoma ya kijiji kizima," alisema, "twende nayo Musoma, Sabasaba." Nani amwamini? Bibi alisema wazi, "Huyu katumwa. Sisi tukicheza uwanjani, wenzake wanatuhesabia ng'ombe." Hata mimi, mchezaji wake, nilikuwa nacheza huku natazama zizini.

Lakini jamani, tulicheza! Tunatoka kuchuma pamba vidole vinauma, tunafunga njuga, vumbi linatujaa puani, na wasichana tunaruka hatua za wanaume. Katikati aliweka kitu chake mwenyewe: ngoma zote zinanyamaza, sisi tunaendelea kwa miguu na pumzi tu. "Hapo ndipo watasikia kijiji kinatembea," alituambia. Sijawahi kumwona mtu mwenye furaha vile.

Dar ilikuwa imemsahaulisha jambo moja. Kwetu ngoma haikatizwi. Ikinyamaza katikati, ujue wapigaji wameletewa habari ya msiba. Sisi wachezaji tulishaizoea mazoezini; watazamaji hawakuwa wameiona.

Siku ya kuchaguliwa kikundi cha kwenda Musoma, mabwana wa wilaya wamekaa kwenye viti vya shule, ngoma zikanyamaza. Hatukuwa tumepiga hata hatua tatu, mama mmoja akapiga yowe, "Nani amekufa?" Ee! Uwanja ukawa vilio vitupu. Watu wakatimka, kila mmoja kwake, wengine kuangalia watoto, wengine, nadhani, kuangalia ng'ombe. Mabwana nao wakaingia kwenye Land Rover yao wakaenda zao.

Jioni ile babu alimwambia Shangazi mbele yetu sote, "Umeuita msiba nyumbani kwangu. Hutacheza tena." Shangazi alivua njuga akazitundika juu ya mafiga, zikawa nyeusi kwa moshi. Aliolewa Bunda, akalima pamba hadi tukamzika, na uwanjani hakurudi. Inaniuma mpaka leo.

Juzijuzi mjukuu wangu alinipeleka ukumbini Musoma kuona dansi hiyo yao. Vijana wamevaa suruali zilizochanwa magotini kwa makusudi. Nguo zetu zilichanwa na shida. Wakaruka Kikurya, wakazungusha mabega Kijita, mimi nawakodolea macho. Kisha ngoma zikanyamaza. Miguu na pumzi tu. Chini ya kiti miguu yangu ikaanza yenyewe, hatua ileile.

Mshereheshaji akashika maikrofoni: "Ubunifu huu haujawahi kuonekana nchi hii!" Nikasubiri ataje jina. Hakulitaja, na naapa hakulijua. Enzi zetu ngoma ikinyamaza hivyo watu walikimbia wakilia. Hawa walipiga makofi.

"Kuna mtu amekufa," nikasema kwa sauti.

Kijana wa kiti cha pembeni akaniinamia kwa heshima. "Pole sana, bibi. Nani?"

"Shangazi yangu, Nyangeta."

"Jamani. Lini?"

"Sasa hivi," nikamjibu. "Hujasikia ngoma zimenyamaza?"