Nusu ya Mazungumzo Iliyorushwa Kakuma

Siku yangu ya kwanza kazini, katika kituo kidogo cha redio mjini Lodwar, Mkuu wa Matangazo alinikalisha mbele ya kipaza sauti kilichovalishwa soksi ili kisiingiwe na vumbi. Aliniambia sauti nzuri si sifa ya kumpa mtu kazi. Kazi yangu, alisema, ni kuuliza mpaka mama anayechota maji mto Turkwel aelewe kwa nini uamuzi wa mtu wa mbali umeingia nyumbani kwake. Nilimwamini mzee yule, na bado ninamwamini. Ndiyo maana hasira yangu haijapoa mpaka leo.

Baadaye nilihamishiwa Lokichoggio, mji wa karibu na mpaka tunaouita Loki, kama mwandishi wa habari. Wakati huo ndege za kupeleka misaada Sudan Kusini zilikuwa zimepungua, na vijana waliozoea kupakia magunia walikaa bure kando ya uwanja. Msimamizi wangu wa huko, mwanamke asiyecheka ovyo, alinikataza kuwasumbua marubani kwa maswali. Alinituma nitafute mtu anayefahamu siasa za nchi zinazolipia ndege hizo. Hapo ndipo nilipojifunza mazungumzo ya wataalamu: unampata balozi mstaafu, mwanajeshi wa zamani au mhadhiri wa chuo kikuu, unamwuliza vita vinaelekea wapi, kisha unayachambua majibu yake mpaka yaeleweke. Kuna maneno ya kuchunga. Wataalamu wakisema "hatari ya kisiasa" mara nyingi wanamaanisha hatari ya serikali kuanguka au mtaji kupotea. Mtu anayefukuzwa kwake akiwa na sufuria kichwani huwa hayumo katika hesabu hiyo, usipouliza wewe mwenyewe.

Nilipofika Kakuma, penye kambi ya wakimbizi, nikapewa kipindi changu. Msikilizaji wangu mwaminifu alikuwa Nyabol, mama wa Sudan Kusini aliyeuza chai na mandazi karibu na kanisa lao kambini. Alikuwa na watoto watatu, na mkubwa wao, Gatluak, alikuwa ndiyo kwanza amemaliza shule ya msingi. Kila nilipopita aliniuliza kama kwao kumetulia, nami nilimjibu kwamba nitawauliza wanaojua.

Basi viongozi wa Sudan Kusini waliokuwa wakipigana wakatia saini mkataba wa amani. Niliwarekodi watu wawili pamoja kwa simu moja. Balozi mstaafu alisema mkataba una nguvu, majirani wanauunga mkono, na hatari ya vita kurudi ni ndogo. Mhadhiri, mwanamke aliyekuwa ametafiti makundi yenye silaha kwa miaka mingi, alimpinga kwa upole. Alieleza kwamba viongozi wamepatana lakini majeshi yao hayajaunganishwa. Katika miji kadhaa kulikuwa na makamanda wawili, kila mmoja na askari wake, na barabara zikikauka baada ya mvua wangeanza kushambuliana. Nikamuuliza, mama aliye Kakuma afanye nini? Akajibu, "Mwambie asirudishe watoto sasa. Angoje aone bunduki ziko mikononi mwa nani."

Niliacha rekodi hiyo ofisini, nikaenda Lodwar kwa mkutano wa wafanyakazi. Kipindi kiliporushwa nilikisikia nikiwa huko. Balozi alizungumza mpaka mwisho. Mhadhiri alisalimia wasikilizaji, akasema amani ni jambo jema, kisha ukapigwa muziki.

Niliporudi Kakuma nilikwenda moja kwa moja kwa Mhariri Mkuu wa kituo chetu. Hakukataa kwamba yeye ndiye aliyekata maneno ya mhadhiri. Kuhariri, alinikumbusha, ni kupunguza yasiyo ya lazima. Wageni wa mradi wa kuwarejesha wakimbizi makwao walikuwa wakitarajiwa wiki hiyo, na wao ndio waliokuwa wanafadhili kipindi.

"Hatuwezi kuwatia watu hofu," alisema.

"Hofu ni yao, si yetu," nikamjibu. "Tumewanyima onyo."

Akaniambia nikapumzike, nimechoka na safari.

Nilikwenda kwa Nyabol. Kibanda kilikuwa kitupu. Jirani yake akasema mama huyo alisikia redioni kwamba amani imefika, akauza majiko yake, akapanda lori la kuelekea Loki pamoja na watoto. Niliwapigia simu watu niliowajua mpakani. Wakaniambia lori limeshavuka.

Wiki iliyofuata nilimleta mhadhiri moja kwa moja, yaani bila kurekodi, ili asipatikane wa kumkata. Akarudia yote. Watu waliokuwa wamefunga mizigo wakaifungua, na baadhi yao walikuja kunishika mkono. Kabla mwezi haujaisha nilirudishwa Lodwar kusoma matangazo ya vifo na ngamia waliopotea. Huko ndiko nilikokaa mpaka nilipostaafu.

Mvua ilipokwisha kule, makamanda wakashambuliana kama mhadhiri alivyosema. Siku moja jirani wa Nyabol alinipigia simu niende Kalobeyei, makazi ya wakimbizi karibu na Kakuma. Nilimkuta Nyabol amekaa mbele ya nyumba ya mabati, na watoto wawili.

"Ejok," nilimsalimia kwa Kiturkana. Akaitikia kwa sauti ndogo. Akaniambia Gatluak alichukuliwa na askari njiani walipokuwa wakikimbia kurudi, yeye akaambiwa aendelee kutembea. Halafu akaniuliza jambo ambalo nadhani alikuwa amelibeba safari nzima.

"Ule mama wa simu, ule mwalimu mkubwa. Yeye hakujua vita iko?"

"Alijua, Nyabol. Alisema. Walikata maneno yake."

"Nani alikata?"

Nikamtajia jina na cheo cha Mhariri Mkuu. Hakuwa na la kumfanya, lakini ilikuwa haki yake kujua.

Sasa nimestaafu. Mhariri Mkuu alipandishwa cheo. Balozi bado anaalikwa kuchambua vita vya dunia, na juzi nilimsikia akisema makadirio yake ya wakati ule yalikuwa "ya busara kwa taarifa zilizokuwepo". Taarifa zilikuwepo. Zilikuwa kwenye simu moja na yeye! Hakuna aliyemuuliza.

Ninyi vijana wa utangazaji mna vipindi vyenu vya mtandaoni, na mnawapata wataalamu wa vita vya kila pembe ya dunia kwa urahisi ambao sisi hatukuujua. Vizuri. Wakiwaambia hatari ni ndogo, waulizeni ni ndogo kwa nani, na msitoke hapo bila jibu. Na wawili wakipingana, warusheni wote wawili mpaka mwisho, hata mfadhili akinuna.

Gatluak hajarudi. Mama yake amefungua tena kibanda cha chai, Kalobeyei, na redio huwa imewashwa juu ya meza. Nikipita ananimiminia kikombe, ananiashiria ninyamaze, anasikiliza habari za kwao mpaka ziishe.