Nilichokiongeza Kwenye Tafsiri

Mkutano wa wataalamu wa mabwawa na misitu iotayo majini ulikuja Kisangani katika mwaka wangu wa pili kazini. Nilikuwa msaidizi katika maabara ya chuo kikuu, na kazi yangu ilikuwa kupima maji: kina chake, rangi yake, kasi yake. Wageni walitoka Kinshasa, Bukavu, Bangui na Bujumbura. Siku mbili tulikaa ukumbini, tukaimba nyimbo za Chama tawala kila asubuhi kabla mtu hajafungua faili lake, na siku ya tatu tukapangiwa kuvuka mto kwenda Lubunga, ng'ambo ya kushoto, kuliona bwawa lenyewe.

Mimi nilipewa kazi ya mkalimani. Nimezaliwa mjini humu, katika familia ya Waislamu ambao Kiswahili ndicho walichokuta kinywani mwa babu zao, na Kifaransa nilikipata shuleni kwa masista. Profesa wangu, mtu wa Maniema, kunakosemwa Kiswahili, angeweza kufanya kazi hiyo mwenyewe. Aliniambia tu, "Wewe utasema, binti yangu. Mimi nitasikiliza." Sikumwelewa wakati ule.

Bwawa hilo nililijua. Tulikuwa tumelipima mimi na yeye kabla halijachimbwa mfereji, na tukalipima tena baadaye. Mfereji ulikuwa kazi ya mkuu wa kilimo wa mkoa, mtu aliyeletwa kwetu kutoka mkoa wa Équateur, aliyetaka maji yatoke ili mpunga upandwe. Maji yalitoka kweli. Yalitoka yote. Ripoti yetu ilisema hivyo, na ripoti ikafungiwa kwenye droo ya mtu mkubwa kuliko sisi.

Kwenye feri mkuu huyo alikuja kusimama karibu nami. Alivaa abakosti ya kijivu, suti isiyovaliwa na tai, iliyopigwa pasi vizuri, beji ya Chama kifuani.

"Citoyenne," aliniambia kwa Kifaransa, yaani raia, kama tulivyotakiwa kuitana, akitazama maji, "wageni wamekuja kuona mpunga. Utawasaidia kuuona, si ndiyo?"

"Ndiyo, citoyen."

"Kiswahili mimi sikisikii. Ninakutegemea wewe." Akatabasamu kwa meno tu.

Nyuma yetu, ndani ya Land Rover ya kitivo, dereva alikuwa ametoa mkono dirishani akituangalia. Huyo dereva tulimwogopa wote. Watu walisema hupita kwenye ofisi ya usalama kila anapotoka kazini. Hakuna aliyekuwa na ushahidi, lakini akiingia maabara mazungumzo yalikatika. Nasi tulimwita tonton, yaani mjomba, kwa heshima, kama tunavyowaita wote wa umri wake.

Tulipofika tulitembea juu ya magogo yaliyotandikwa kuwa njia. Zamani magogo hayo yalikuwa yakielea. Siku ile yalikuwa yamelala juu ya udongo uliopasuka. Mgeni mmoja wa Bangui, mzee mwembamba mwenye kofia ya majani, alichomeka fimbo yake ya chuma ardhini, akaichomoa, akainusa, akatikisa kichwa. Mpunga ulikuwa pale, ndiyo, wa manjano, mfupi, umesimama kwa shida. Mkuu wa kilimo alikuwa akieleza mavuno yajayo.

Mbele kidogo tuliwakuta akina mama na vikapu vyao vya kuvulia. Wanawake wa pale huvua kwa kuziba sehemu ya maji na kuyatoa kwa vikapu mpaka samaki wabaki matopeni. Siku ile walikuwa wamekaa tu, vikapu vimekauka. Mmoja, mama wa makamo aliyefunga kikwembe juu ya gauni la zamani, alisimama. Lingala aliijua vizuri. Nilimsikia akiisema na mwenzake dakika hiyo hiyo. Lakini Lingala ilikuwa lugha ya askari, na mbele ya wakubwa aliamua kusema Kiswahili.

Mzee wa Bangui aliuliza samaki wanaendeleaje. Nikatafsiri.

"Samaki gani?" alijibu yule mama. "Huku tulikuwa tunapata ngolo, tunapata mongusu, watoto wanakula, tunauzisha. Tangu banachimba ule mufereji, maji ilienda kwenye mto. Njo mufereji iliua samaki. Na muchele yao, muangalie wenyewe, iko inakufa."

Wageni wote wakanitazama. Mkuu wa kilimo akanitazama. Dereva alikuwa ametufuata kwa miguu, akasimama nyuma ya wageni, anachokonoa meno kwa kijiti.

Nikafungua mdomo na nikasema kwa Kifaransa, "Mama anasema samaki wamepungua kidogo."

Yule mama Kifaransa hakukijua, lakini alihesabu maneno yangu. Akanishika mkono, si kwa ukali.

"Yaya," aliniambia, kama mtu amwitavyo dada, "mimi nilisema mingi. We ulisema kidogo. Sema vile nilisema."

Uso uliniwaka. Profesa alikohoa, akainamia daftari lake. Ndipo nikaelewa kwa nini alisema atasikiliza: hakutaka kunisukuma, na hakutaka kunizuia. Nikavuta pumzi, nikarudia yote, neno kwa neno, pamoja na mfereji, pamoja na mpunga unaokufa.

Mkuu wa kilimo alichukua leso akafuta shingo. Kisha mzee wa Bangui, bila kumwangalia mtu, akasema sentensi moja fupi: kwamba kwingineko mifereji kama hiyo imezibwa, na maji yamerudi.

Nilimtafsiria mama. Akauliza papo hapo, "Wanaziba wapi? Na nini?"

Hapo ningepaswa kugeuka nimuulize mgeni. Sikugeuka. Jibu nilikuwa nalo mimi. Nilikuwa nimezunguka mfereji ule wote na kijiti changu cha kupimia, najua unapoteremka na unapolala. Nikaendelea kwa Kiswahili kana kwamba bado natafsiri: wasizibe pale mfereji unapoingia mtoni, kwa sababu mto ukijaa utabomoa, wazibe juu, penye mti mkubwa ulioanguka, halafu mahali pengine pawili nyuma yake, waweke magogo, majani na udongo mzito wa chini, wafanye kabla mvua kubwa hazijaanza. Nilisema polepole. Yule mama alisikiliza akitazama miguu yake. Wenzake nao wakaacha kuongea.

"Sentensi ya mgeni ilikuwa fupi," alisema mkuu wa kilimo.

"Kiswahili kinahitaji maelezo, citoyen."

Kwenye feri ya kurudi wote walisimama mbali nami. Hata profesa alisimama upande wa pili, na nilimshukuru kwa hilo, maana hatungeonekana tumepanga pamoja.

Kesho yake, wakati wageni wakisomewa maazimio ambayo hayakuwa na neno mfereji hata mara moja, mimi niliitwa kwenye ofisi ya usalama. Nilikaa kwenye benchi ya mbao tangu asubuhi. Jua lilipofika juu ya bati nikaingizwa ndani. Afisa alikuwa kijana, mpole, na upole wake ndio ulionitia hofu zaidi.

"Nani alimfundisha yule mwanamke maneno yale? Profesa wako?"

"Hapana. Hawakuwahi kuonana kabla ya jana."

"Na wewe ulimwambia nini mwishoni? Nimeambiwa uliongea muda mrefu."

"Nilitafsiri. Mgeni alisema neno la kitaalamu. Kwetu halina neno moja. Ilibidi nieleze maji ni nini, yanakwendaje."

Akaandika. Akasoma alichoandika. Kisha akaita mlangoni, na akaingia dereva wa kitivo.

Sijui nilivyobaki nimekaa. Nilimfikiria baba nyumbani kwenye cherehani yake, akishona huku akiwa hajui niko wapi.

"Wewe unasikia Kiswahili," afisa alimwambia. "Ulikuwepo. Huyu alisema nini?"

Dereva alivua kofia. Alinitazama mara moja, kama mtu anavyotazama gari la mwenzake.

"Alitafsiri, chef. Wale bamama ya kijiji hawasikii vitu haraka. Alirudilia, alirudilia. Mambo ya maji. Hata mimi nilichoka."

"Ni hivyo tu?"

"Njo hivyo, chef."

Nilitoka nje. Alikuwa amewasha Land Rover. Hakunikaribisha kupanda, nami sikuomba. Nilirudi kwa miguu mpaka nyumbani. Kwa nini alisema vile sikuwahi kujua. Pengine tulimsingizia miaka yote ile. Pengine siku hiyo moja alichoka na kazi yake. Tuliendelea kumwita tonton, na mazungumzo yaliendelea kukatika alipoingia, ila mimi sikunyamaza tena, nilimsalimia.

Adhabu ilikuja kimyakimya. Jina langu liliondolewa kwenye orodha ya wanaokwenda kusoma nje. Profesa alihamishiwa chuo cha ualimu mji mwingine. Siku ya kuaga alinipa kijiti chake cha kupimia, akasema, "Ile tafsiri yako ya mwisho ilikuwa na makosa mawili. Udongo wa chini ulipaswa kuwa wa mfinyanzi, na mahali pa tatu ulipakosea." Halafu akacheka, na mimi nikalia.

Misimu miwili ya mvua baadaye, mkuu wa kilimo akiwa ameshapelekwa mkoa mwingine, nilivuka peke yangu. Mfereji ulikuwa umezibwa mahali pawili nilipowaelekeza. Pa tatu walikuwa wamepachagua wenyewe, na walipachagua vizuri kuliko nilivyowaambia. Hawakuwa wamemuuliza mtu. Maji ya kahawia yalikuwa yamesimama mpaka kwenye mizizi, na mpunga haukuonekana tena.

Yule mama alikuwa majini mpaka kiunoni, kikapu mkononi. Hakunikumbuka mara moja. Nilipomwambia mimi ni yule wa Kifaransa alicheka kwa sauti, akawaita wenzake.

"Ingia," alinihimiza. "Toa viatu, ingia. Mikono iko kidogo leo."

Nikafunga sketi yangu juu ya magoti, nikaingia. Matope yalikuwa baridi na mazito. Tulitoa maji mpaka migongo ikauma, na tulipofika chini tulipata ngolo wachache, wadogo, wenye hasira, wakijipindapinda mikononi mwetu.